Msimu wa Kubangua

Kila Januari, katika kipindi chake cha kwanza, mwalimu wetu wa historia aliingia darasani mikono mitupu, akasubiri tukae, akauliza: "Nani hapa ana babu mwongo?"

Wageni waliangaliana. Sisi wenyeji wa darasa lile tulinyoosha mikono wote, maana asiyenyoosha aliulizwa amehakikishaje. "Vizuri," alisema. "Basi mwaka huu tutajua wanadanganya nini, na kwa faida ya nani." Hivyo ndivyo alivyofungua mashindano ya historia pale sekondari yetu ya Newala, na mpaka Oktoba hakuna aliyepumua sawasawa.

Alikotoka sitapasema, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupasema. Tulijua tu kwamba ni mtu wa kuja, wa mbali, kwa jinsi alivyouita muhogo "chakula cha dharura" na kuula kila siku kwa miaka. Mwanafunzi mmoja jasiri aliwahi kumuuliza baba yake alikuwa nani. Alimtazama kwa upole kabisa, akajibu, "Mimi si mada." Na yule kijana akafagia uwanja wiki nzima.

Korosho hakuzipenda mdomoni, ila aliupenda utaratibu wa kuzilima. Mwaka wa mashindano aliugawa kama mkulima wetu anavyougawa wake. Wakati wa mvua tulichagua mbegu, yaani kila mmoja na mada yake: nani alichimba kisima fulani, kwa nini ukoo fulani ulihama bondeni, nani alikwenda kukata mkonge na hakurudi. Mvua zikikatika ilikuja palizi. Jumamosi tulirudi makwetu kuwahoji wazee, na Jumatatu yeye alipitia tulichokileta, akang'oa kila alichokiona ni magugu. Nimewahi kubaki na sentensi moja. Agosti na Septemba tuliokota, ndiyo kusema tulitafuta mashahidi. Kisha Oktoba, korosho zenyewe zikianguka mashambani, tulibangua.

Asiyewahi kubangua korosho hajui. Ganda lake lina mafuta yanayochoma, na akina mama wa kwetu waliobangua kwa mkono vidole vyao vilikuwa vyeusi, ngozi ikibanduka. Mwalimu alikuwa amewaona, akalipenda neno. Kubangua kwake kulikuwa hivi: mwanafunzi anasimama mbele ya ukumbi, mzee wake ameketi kando kwenye benchi, na wazazi, walimu na viongozi wa kijiji wamejaa. Mwanafunzi anasoma kazi yake. Akimaliza, mwalimu anaanza kuuliza. "Anayeogopa mafuta asile korosho," alikuwa akituambia, na sisi tulirudia msemo ule mpaka bwenini, tukigombea maji.

Na zawadi ilikuwepo, isije ikaonekana tuliteswa bure. Wa kwanza alipelekwa Mtwara kuisoma kazi yake mbele ya wakubwa, na mpaka wakati ule hakuna aliyepita Mtwara akakosa nafasi ya kuendelea na kidato cha tano. Kwa mtoto wa mkulima wa Makote kama mimi, mlango mwingine sikuuona. Ndiyo maana tulimpelekea babu zetu.

Babu yake Saidi, mwenzetu wa darasa, ndiye niliyemwonea huruma kwanza. Mzee huyo alikuwa akisimulia barazani, tangu sisi tukiwa wadogo, jinsi alivyopigana na Wajerumani katika Maji Maji. Alikuja ukumbini amevaa kanzu safi. Mwalimu alimwamkia vizuri, "Shikamoo mzee," akaitikiwa, kisha akaanza kumuuliza polepole. Wakati wa vita ulikuwa umeshaingia jando? Bado. Ulikuwa unachunga mbuzi? Nadhani bado. Ulikuwa umeota meno, mzee wangu? Ukumbi ukacheka. Kabla ya jua kupanda sana ikawa wazi kwamba mzee alizaliwa vita vimeshakwisha, na kwamba aliyepigana ni baba yake. Saidi akapata alama nyingi. Mzee akachukua mkongojo wake akaenda, na watoto wa Newala wakampa jina la Babu Meno. Barazani hakukaa tena. Alipokufa, wapo waliouliza alikuwa mgonjwa tangu lini, kwa kuwa walikuwa hawajamwona siku nyingi.

Lakini sitaki nionekane namwonea mwalimu. Alikuwa mkatili kwa juu kama kwa chini, na hilo ni nadra. Mwenyekiti mmoja wa chama alikuja kutusimulia kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza pale kununua kadi kabla ya uhuru. Mwalimu alimweka kwenye benchi lile lile, akamuuliza maswali matatu ya adabu, na ikagundulika kwamba mwaka ule bwana mkubwa alikuwa karani wa mkoloni na ndiye aliyekuwa akiwaandika majina walionunua kadi, ili wakamatwe. Mkuu wa shule alitokwa jasho. Siku ile tulimpenda mwalimu wetu kuliko chumvi. Tulisubiri ahamishwe, hakuhamishwa, na sisi tukaamini kwamba hata serikali inamwogopa.

Na wala hakuwa mchoyo. Wanaoijua Newala wanajua shida ya maji kule juu. Wasichana tuliteremka mteremko wote wa genge kwenda chemchemini, na kurudi na ndoo kichwani ni adhabu. Yeye alioga kwa kikombe. Maji yake ya zamu aliamuru yapelekwe jikoni kwetu, na aliyejaribu kumshukuru alifukuzwa. Mwenzetu mmoja alipoumwa na nyoka, alimpakia kwenye baiskeli yake, akamtelemsha mpaka kwenye barabara ya magari, akampeleka hospitali ya Ndanda akakaa naye mpaka alipofumbua macho. Msichana aliporudi shuleni alikuta amepewa sifuri ya palizi kwa kuchelewesha kazi. Akaenda kulia mlangoni kwake. "Machozi si ushahidi," alimwambia, akamfungia mlango.

Vita vya ng'ambo ya mto Ruvuma, kule Msumbiji, vilikuwa vikitufikia nyakati zile. Tulichimba mahandaki nyuma ya mabweni, na ndege za Wareno zikisikika tuliruka ndani tukajibana. Walimu wengine wa kutoka mbali waliandika barua za uhamisho. Yeye alituambia historia inapita juu ya vichwa vyetu, na wao wanakimbilia wapi. Ndege zikishapita, tukiwa bado tunatetemeka, alitaka kila mmoja aseme peke yake alichosikia: zilikuwa ndege ngapi, zilitoka upande gani, mlipuko ulikuwa mbele au nyuma. Hatukukubaliana hata mara moja. "Mmekaa shimo moja," alisema, akiwa ameridhika sana. "Sasa fikirini waliokaa mashimo tofauti."

Kanuni yake iliyokuwa kali kuliko zote ilikuwa ya siri. Hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuujua ushahidi wa mwenzake kabla ya Oktoba. Yeye mwenyewe alikuwa na desturi ya kwenda kuhakiki, akipanda baiskeli au kudandia lori, anawatafuta watu waliotajwa katika kazi zetu, na alichokipata hakumwambia mtu, hata mwenye mada. "Ushahidi ukionjwa njiani unaoza," alisema. Na sisi watu wa huku hakutuamini. Alisema tunalindana. Ni kweli tulilindana, lakini yapo mambo ambayo angetuuliza tu, tungemjibu bila kumdanganya, na msichana mmoja, Filomena, angekuwa mtu mwingine leo.

Filomena alikuwa shoga yangu. Tulilala vitanda vya kupakana, mimi na kanga zangu za Makote, yeye na rozari yake. Alizaliwa upande wa Msumbiji, akaletwa na mama yake akiwa mdogo wa kubebwa, miaka kadhaa kabla ya vita hivi, na wakapewa mahali pa kukaa kijijini kwetu. Mama yake alikuwa mwanamke mrefu, mwenye chale za usoni za watu wa kule, hodari wa jembe, na aliyeheshimiwa kwa msiba wake. Wanaume kadhaa walimtaka. Akawajibu wote kwa maneno yale yale, kwamba mume wake hajamwambia kuwa amekufa. Tena mama yule hakuwahi kushuka Masasi, hata sokoni. Sisi tulidhani ni maringo.

Mwaka ule Filomena alichagua mada mapema: baba yake. Usiku wa kuvuka, wakiwakimbia askari wa Wareno, baba aliwapandisha yeye na mama kwenye mtumbwi, akarudi nyuma kumfuata bibi mzaa baba. Bunduki zikalia. Mtumbwi ukaondoka, na tangu hapo hakuna habari. Filomena hakuwa na picha ya uso wa mtu huyo hata ya ndotoni. Alitaka kujua kama ni mfu amwombee, au ni mzima amsubiri. Na alitaka Mtwara pia, hakunificha. Alikuwa na akili kuliko sisi wote, na alijua kwamba mama yake hana kitu kingine cha kumpa.

Nilimwona akifanya kazi mwaka ule. Aliwahoji waliovuka, mmoja mmoja, Makote nzima na vijiji vya jirani. Mwenye mtumbwi alimpata, mzee asiyependa kusema, akaenda kumsaidia kupalilia mpaka aliposema. Palizi ya mwalimu haikung'oa chochote katika kazi yake. Kwenye ukurasa wa mwisho alimwandikia neno moja: "Endelea." Filomena alinionyesha, na siku hiyo hakula.

Oktoba ikafika. Mama Filomena alikuja ukumbini amejifunga kanga mbili mpya, akakaa kwenye benchi wima. Filomena akasoma, akahitimisha kwamba baba yake aliuawa usiku ule. Sijasikia tena kazi ya mwanafunzi iliyonyamazisha watu vile. Alipomaliza, mwalimu alimgeukia mama.

"Mama Filomena, uliuona mwili wa mumeo?"

"Sikuuona, mwalimu."

"Nani aliuona?"

"Wa kule."

"Wa kule nani?"

Mama akasema, "Nlisikia bunduki. Nkamwita. Mwenye mtumbwi akan'kataza, kasema tutakufa sote."

"Kwa hiyo mwanao ametusomea kifo ambacho hakuna aliyekiona."

Akaenda mwenyewe kufungua mlango wa pembeni. Nakumbuka mwendo wake, alitembea kama mtu mwenye sherehe. "Ingia, bwana."

Aliingia mwanaume wa makamo, amevaa shati lililopigwa pasi. Chale zake zilikuwa zile zile za mama Filomena. Paji la uso na macho yaliyoachana yalikuwa ya Filomena mwenyewe, hata waliokaa nyuma waliona. Mwalimu akamwambia ajitambulishe.

"Mimi ni Nandonde," akasema. Lilikuwa ndilo jina la baba tulilotoka kulisikia.

"Ulivuka mto?"

"Nilifika mtoni na mke wangu na mtoto, tukapotezana."

"Mke wako ni nani?"

"Yule pale. Na mwanangu ni huyu, Filomena."

Mwalimu akamgeukia Filomena. "Baba yako huyo. Nimemtoa Lisekese, pale Masasi, siku zote hizi yuko hapo chini tu. Umeandika vizuri sana, binti, lakini umeandika uongo."

Filomena alizipanga karatasi zake zikawa sawa, akaziweka kwenye benchi. Halafu akaenda, akapiga magoti, akaishika miguu ya yule mtu kwa mikono miwili. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekua."

Walimu wa kutoka mbali walipiga makofi. Wazee wetu hawakupiga, na mimi nikamwona bibi mmoja wa Makote amejifunika mdomo kwa kanga. Kisha mama Filomena akasema, bila kupandisha sauti, "Inuka, Filomena. Baba yako kafa. Huyo ni mdogo wake, karithi jina."

Nieleze kwa wasio wa kwetu. Mtu mzima akifa, jina lake haliachwi. Matanga yakishakaliwa, ukoo humchagua ndugu, mdogo wake au mpwa wake, ukamvika lile jina, na tangu siku hiyo yeye ndiye marehemu. Wajane humwita mume. Watoto humwamkia baba. Ukimuuliza ulifika lini mtoni, atakujibu nilifika, ingawa aliyefika ni yule wa kaburini na yeye wakati huo alikuwa anakata mkonge Lindi. Wala hakudanganyi. Hata mtoto anayeanza tu kuchunga mbuzi Makote anajua kuuliza, "Wewe ni Nandonde wa kuzaliwa au wa kurithi?" Mwalimu wetu, aliyejua kumuuliza mzee kama ameota meno, hilo hakulijua, na kwa siri zake hakuwa na wa kumwambia.

Mama Filomena alishuka kwenye benchi akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, namna wanawake wanavyokaa msibani. Jina lisingerithiwa bila kifo cha hakika, na yeye miaka yote ile alikuwa hajanyoa nywele za msiba, akisubiri uhakika. Sasa akaanza kulia. Na Filomena bado ameshika ile miguu, hajui aiache au asiiache.

"Machozi si ushahidi, mama," mwalimu akasema.

Nasema nilichokisikia kwa masikio yangu. Sidhani kwamba alikusudia. Nadhani neno lilikuwa limezoea kutoka. Akawatazama wote watatu, akapangusa miwani, halafu akatangaza kwamba kwa kuwa shahidi wa mwalimu amepungua nguvu, na mwili haukuonwa, kazi ya Filomena itapunguzwa alama za ushahidi. Akawa wa pili. Wa kwanza alikuwa mvulana aliyeandika juu ya kisima.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kwetu nguvu ya mwanamke ni kaka zake, na kaka wote wa mama Filomena walikuwa wamebaki ng'ambo, hajui nani mzima. Sasa tukaelewa kwa nini alikuwa hashuki Masasi: alijua kwamba shemeji yake yuko huko, na kwamba wakikutana ataulizwa kuhusu kurithiwa. Wazee wa ukoo wa mume walipanda kuja Makote kumtaka arithiwe. Alipokataa, wakamuuliza mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akasema yeye hana la kuongeza, maana shule ya serikali imemtambulisha mume mbele ya watu na mke akawepo. Korosho zilikuwa hazijaisha mashambani alipohamia Lisekese, akawa mke mdogo. Filomena akaenda naye. Aliniachia rozari yake, mimi Mwislamu, nikaificha chini ya godoro, nikalia mpaka matroni akanitisha.

Mwalimu alimfuata. Hilo lazima nilisema. Baada ya juma moja la kutomwona darasani alipanda baiskeli akaenda mpaka Lisekese, akiwa na sare mpya ya Filomena aliyoishonesha kwa fundi. Filomena mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye. Yule baba alimpokea kwa heshima zote, akamchinjia kuku, akamwambia, "Mwalimu, wewe ndiye ulin'kabidhi familia yangu. Mungu akulipe." Msichana alikuwa jikoni, anasonga ugali wa mgeni, anasikiliza kama atatetewa. Mwalimu alikula, akashukuru, akaiacha ile sare juu ya kiti. Waliikata wakamshonea mtoto wa mke mkubwa.

Januari akaingia darasani mikono mitupu, akauliza nani ana babu mwongo. Nilisubiri aseme kitu. Alisema, wakati wa kuokota: sasa kulikuwa na somo jipya, na alilipa jina, "kosa la Lisekese". Mtafiti asitosheke na jina, alifundisha, wala na sura, aulize jina limepatikanaje. Alilieleza vizuri, kwa michoro ubaoni, bila kumtaja Filomena. Wadogo zetu waliandika. Nasikia watoto wa baada yao pia waliandika, na wapo waliofaulu mtihani kwa kosa la Lisekese. Nilimchukia tangu siku hiyo, na namchukia mpaka sasa. Lakini mimi ni muuguzi, na kila ninapomuuliza mgonjwa swali lile lile kwa njia mbili, najua nani alinifundisha.

Nilikutana naye mara ya mwisho Ndanda, nilipokuwa nakaribia kustaafu. Aliletwa kwa ajili ya macho. Hakurudi kwao baada ya kazi, alipanga chumba Masasi, peke yake, na ule unadhifu wake ulikuwa bado upo ingawa kola ilikuwa imekwisha. Nilimwamkia, akanitambua kwa sauti, akanitajia mada yangu ya mwaka ule na kasoro zake. Sikujizuia kucheka. Halafu akaniuliza Filomena yuko wapi.

"Lisekese," nikamwambia. "Ulikomwacha."

"Nipeleke."

Nilikaa nikifikiri siku kadhaa. Nikajiambia labda uzee umemlainisha, labda kuna neno amelibeba miaka yote hii na linamtesa, na mimi ni nani nimzuie. Alipotolewa wodini tulipanda basi hadi Masasi, kisha pikipiki mbili kwenye vijia vya mashamba. Njiani hakusema kitu. Alikuwa ameshika kofia yake.

Filomena alikuwa uani, anapepeta mchele. Mama yake alikuwa ameshafariki, mke mkubwa naye, na watoto wa nyumba ile wametawanyika. Aliyebaki kumtunza yule mzee ni yeye. Mwenyewe hakuwahi kuolewa, kwa kuwa kila aliyekuja kumposa, baba alisema mtoto wa marehemu hawezi kumwacha. Aliniona mimi kwanza, akatabasamu. "Mama Salma, karibu." Kisha akamwona wa nyuma yangu, akaweka ungo chini.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

Alimpa kigoda. Mwalimu akaketi, akajikohoza kama alivyokuwa akijikohoza mbele ya ukumbi.

"Nimekuja kurekebisha jambo," akasema. "Nilipunguza alama zako za ushahidi. Nilikosea. Ulisema baba amekufa, na kumbe alikuwa amekufa. Ulistahili kuwa wa kwanza."

Nilisubiri aendelee. Hapakuwa na mengine. Hayo ndiyo aliyoyabeba.

Filomena alimtazama, bila hasira niliyoweza kuiona. "Wa kwanza alikwenda wapi, mwalimu?"

"Mtwara."

"Na baada ya Mtwara?"

"Aliendelea kidato cha tano. Siku hizi ni mtu mkubwa wa maji."

"Alifanya vizuri," akasema Filomena. Akaokota punje zilizoanguka kando ya ungo, moja moja, akazirudisha. Mwalimu alikuwa ameinama mbele, ametega sikio, anasubiri, na mara hiyo nikaona kwamba yeye alitaka ashukuriwe.

Kutoka ndani kikasikika kikohozi, kisha sauti ya mzee. "Filomena. Nnasikia watu. Nani amekuja?"

Filomena alininyooshea mkono, akaubana wangu, akauachia. Akainua ungo wake.

"Ni Mama Salma wa Ndanda, baba," akajibu. "Yuko peke yake."